Maswali ya Wasomaji: Maji ya kahawia na sumaku ya petroli

SWALI: Muuzaji wa mashine ya maji amepita mtaani kwetu. Alijaza glasi mbili, moja maji ya bomba na nyingine maji ya mashine yake, akatumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma, akakichomeka kwenye umeme. Dakika chache tu maji ya bomba yakawa kahawia yenye mabonge, yake yakabaki maangavu. Anasema huo ndio uchafu tunaokunywa, na kwamba maji yake yana "kumbukumbu" inayotibu presha. Ni kweli?
*Msomaji, Kirumba, Mwanza*

JIBU: Si kweli, na msitoe hela. Rangi ile imetoka kwenye vijiti. Katika kila glasi, kijiti kimojawapo ni chuma cha kawaida. Umeme ukipita, chuma kinalika na kugeuka kutu ndani ya maji. Maji ya bomba yana chumvichumvi za kutosha kupitisha umeme. Ya mashine yamechujwa hadi chumvi karibu zote zimeondoka, hivyo umeme haupiti na kijiti hakiliki.

Akirudi, mwombeni ajaze glasi mbili za maji yake mwenyewe. Moja itiwe robo kijiko cha chai cha chumvi ya mezani, ikorogwe, kisha arudie. Yenye chumvi itageuka kahawia, ingawa hakuna uchafu ulioongezwa. Kagueni na vijiti kabla na baada: cha chuma kitakuwa kimechimbika. Msiguse maji wala vijiti umeme ukiwa umewashwa, na maji hayo yamwagwe.

Wengine hutumia kipimo chenye umbo la kalamu kinachoonyesha namba. Hicho kinapima chumvi zilizoyeyuka, vijidudu hakivioni. Maji yanayosoma 20 yanaweza kubeba kipindupindu, na ya kisima yakasoma 300 yakawa salama kabisa. Sisi wa kando ya ziwa tuhofie vijidudu. Maabara ipime bakteria wa kinyesi, E. koli: asipatikane hata mmoja katika mililita 100. Sampuli iwekwe kwenye chupa iliyotakaswa, ibebwe kwenye boksi la barafu, ifike ndani ya saa sita. Ikichelewa juani, hesabu ya bakteria haiaminiki tena. Nyumbani, kwa mwinuko wetu wa mita 1,140 hivi, maji yakitokota kwa nguvu dakika moja yanatosha.

Habari ya kumbukumbu ina historia. Mwaka 1988 Jacques Benveniste wa Ufaransa alichapisha katika jarida la Nature kwamba kimiminika kilichozimuliwa hadi kisibaki hata chembe ya kitu cha awali bado kiliathiri seli za damu. Wakaguzi walikwenda maabarani kwake. Mirija ilipopewa namba za siri, anayehesabu seli asijue upi ni upi, athari ikatoweka. Hilo ndilo la kumuuliza kila muuzaji: je, dai lako lilipimwa na mtu asiyejua jibu? Mgonjwa wa presha asiache vidonge vyake kwa ajili ya maji haya, hata kwa siku moja.

SWALI: Nimeuziwa sumaku ya kufunga kwenye mpira wa petroli wa injini ya boti. Wanasema inapunguza mafuta kwa asilimia 30, na safari ya kwanza kweli yalipungua.
*Nahodha, Nansio, Ukerewe*

JIBU: Safari moja haithibitishi kitu. Asubuhi ziwa limetulia, mchana kuna upepo, mzigo hubadilika, na aliyetoka kununua sumaku huendesha taratibu bila kujijua. Kama siku hiyohiyo fundi alisafisha plagi au kabureta, nafuu imetoka huko.

Injini ya viharusi viwili (two-stroke) kweli hupoteza petroli. Mchanganyiko mpya huingia kwenye silinda huku tundu la moshi likiwa bado wazi, sehemu yake ikatoka bila kuungua. Sumaku iliyofungwa kwenye mpira haiwezi kuliziba tundu hilo.

Mkitaka kujipimia, safirini mara 10, kwenda na kurudi njia ileile, saa ileile, mzigo uleule, gia na mwendo vilevile. Anzeni kila mara na tangi lililojazwa hadi alama moja, na mwishoni jazeni tena kwa jagi lenye vipimo, muandike mililita. Mtu mwingine afunge ama sumaku ama kipande cha mbao cha ukubwa uleule, vyote ndani ya kitambaa, akiamua kwa kurusha shilingi. Wewe usiambiwe, wala anayejaza mafuta asiambiwe, hadi safari ya 10 iishe. Ndipo mtenganishe namba. Asilimia 30 ya lita 10 ni lita tatu nzima. Kama ipo, haiwezi kujificha.