Ukijitambulisha kwa Wapenzi wa Reli, Anza na Stesheni Yako

Wapenzi wa reli, yaani watu wanaofuatilia treni na njia zake kwa kujifurahisha na kuandikiana habari zake, ni watu wakarimu, lakini si kila mgeni anayefanikiwa kuwafanya wazungumze. Mtu akiwafikia na kusema kwamba anapenda treni tangu utotoni, watamkaribisha kwa adabu na mazungumzo yatakoma hapo, kwa kuwa kila aliyemo miongoni mwao anazipenda tangu utotoni na hakuna la kumwuliza zaidi. Mwingine akija na kusema kwamba amekulia Kaliua, mahali ambapo njia ya Mpanda inaachana na reli ya kati inayoendelea hadi Kigoma, na kwamba anakumbuka kelele za mabehewa yakikatwa na kuunganishwa usiku, atajibiwa na watu asiowatarajia: Mjerumani anayefuatilia reli zilizojengwa na nchi yake, Mkenya anayetaka kulinganisha na makutano ya reli ya Nakuru, na mzee wa Dar es Salaam aliyewahi kupangiwa kazi huko huko Kaliua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kujitambulisha kwa watu hawa ni kutaja mahali kabla ya kutaja mapenzi. Taja stesheni, taja njia, na useme unaijua kwa namna gani: umeishi kando yake, umesafiri nayo, au mzazi wako aliifanyia kazi. Hayo matatu yanatosha kumfanya msomaji akuweke kwenye ramani aliyonayo kichwani, na niamini kwamba kila mmoja wao anayo ramani hiyo.

Baada ya mahali, taja geji, yaani upana wa njia kati ya chuma kimoja cha reli na kingine. Mgeni wa mambo haya anaweza kuona ni jambo la mafundi tu, lakini katika Afrika Mashariki ndilo linaloeleza nusu ya historia. Reli za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ili kuunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi nchini Zambia, umbali wa kilomita 1,860, ina upana wa milimita 1,067 ili ioane na reli za kusini mwa Afrika. Reli mpya ya SGR, ile ya Mombasa hadi Nairobi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na ile ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza mwaka 2024, ina milimita 1,435. Jiji la Dar es Salaam peke yake lina stesheni za geji zote tatu, jambo ambalo wapenzi wa reli wa mbali hulisikia kwa wivu. Kule Kidatu, ambako tawi la geji ya mita linalotoka Kilosa linakutana na TAZARA, mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa kwa sababu ya tofauti ya milimita 67, upana usiofika hata wa kiganja cha mtu mzima. Ukisema tu “nimesafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya”, wajuzi watafahamu kwamba ni TAZARA, lakini ukisema “nimepanda treni Dar es Salaam” utakuwa umewaachia kazi ya kukuuliza maswali ambayo ungeyajibu kwa neno moja.

Jambo la tatu ni kueleza wewe ni mpenzi wa namna gani. Wapo wapiga picha, ambao watasubiri kando ya daraja tangu alfajiri kwa ajili ya treni moja ya mizigo. Wapo wanaoandika namba za vichwa vya treni na kuzifuatilia kama mtu anavyofuatilia ukoo wake, na hawa ndio wakali kuliko wote ukikosea tarakimu. Wapo wanaounda treni ndogo za vielelezo, wapo wanaopenda kusafiri tu, na wapo, kama mimi, ambao hawashughulishwi sana na injini bali na kile kinachobaki ardhini: matuta, madaraja, mataruma, majengo ya stesheni. Hakuna anayetarajia uwe na ujuzi wa makundi yote, na kwa maoni yangu anayejidai kuwa nao huchelewa kuaminiwa.

Mimi ninatoka Same, kwenye njia ya Tanga hadi Moshi na Arusha, njia ambayo ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, na ambayo ilikaa miaka mingi bila treni ya abiria hadi huduma iliporejeshwa mwaka 2019. Nilipojitambulisha kwa mara ya kwanza kwa watu hawa, wengi wao Waingereza wa makamo na wazee walioipenda iliyokuwa reli ya Afrika Mashariki kabla haijagawanywa mwaka 1977, niliona kwamba wanajua kila kitu kuhusu vichwa vya mvuke vya daraja la 59, yaani “Class 59”. Hivyo ni vichwa 34 vya aina ya Garratt vilivyotengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na uzito wa takriban tani 250, bojla moja ndefu, yaani tangi la kuchemshia maji ya mvuke, ikiwa imebebwa katikati ya seti mbili za magurudumu, na vilivuta mizigo mizito kati ya Mombasa na Nairobi. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Viwili kati yake vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Reli jijini Nairobi, kimoja kikiwa namba 5918, Mount Gelai, na kingine namba 5930, Mount Shengena.

Watu hao walikuwa wakitamka jina Shengena kila wiki bila kuwa na picha ya mlima wenyewe. Mimi nikawaandikia kwamba Shengena ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya Upareni, kwamba kipo katika msitu wa Chome wilayani kwetu, na kwamba njia ya Tanga inapita chini kabisa kwenye tambarare, kwa hiyo abiria wa treni yetu huiona milima hiyo kwa saa nyingi upande mmoja wa dirisha, ingawa kichwa chenye jina hilo kazi yake ilikuwa kwenye njia ya Mombasa. Sikuwa nimesema lolote kuhusu mvuke, silinda wala nguvu za injini, mambo ambayo wao waliyajua kunishinda mara nyingi. Hata hivyo majibu yaliyokuja yalikuwa marefu kuliko salamu yangu, na mmoja wao alinitumia nakala za kurasa za ratiba za zamani zenye saa za treni kupita Same, kitu ambacho sikujua kama bado kipo duniani.

Ninachotaka msomaji achukue hapo ni kwamba sisi tulioishi kando ya njia hizi tuna ujuzi ambao haupatikani vitabuni, na salamu ya kwanza ndiyo mahali pa kuuonyesha. Watu wa nje wanazo namba, michoro na tarehe, lakini hawajui ni kijiji gani kilichohamia karibu na stesheni, soko lipi liliendeshwa kwa saa za treni, au abiria walinunua nini dirishani pale Saranda.

Kwa anayependa mfano, salamu nzuri inaweza kuwa fupi kama hii: “Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Tabora, mahali ambapo njia ya Mwanza inaachana na ile ya Kigoma. Ninachokifahamu vizuri ni treni za abiria za geji ya mita kati ya Tabora na Mwanza, ambazo nimezipanda tangu nikiwa mwanafunzi. Kuhusu injini zenyewe sijui mengi. Ningependa kufahamu ni vichwa vya aina gani vilivyokuwa vikivuta treni za Mwanza kabla ya dizeli kushika kazi yote.” Salamu hiyo ina mahali, ina mpaka wa ujuzi wa mwenyewe, na ina swali moja linalojibika. Ukiweka maswali sita, kila mtu atasubiri mwingine aanze.

Asiyetoka mji wenye reli asijione hana la kusema. Mtu wa Zanzibar anaweza kuanza na reli ya Bububu, iliyotoka mjini ikielekea kaskazini mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu wa Kalemie, nchini Kongo, ana reli yake iliyofika ziwani mwaka 1915, na ng'ambo ya ziwa anatazamana na Kigoma, ambako meli ya Liemba ilizinduliwa mwaka huo huo baada ya kusafirishwa vipande vipande kwa reli kutoka pwani. Meli hiyo hujadiliwa na wapenzi wa reli karibu sawa na treni, na hakuna anayelalamika.

Inasaidia pia kuleta kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako. Kitu rahisi kuliko vyote ni chuma cha reli chenyewe. Kwenye stesheni nyingi za zamani, vipande vya reli chakavu vimesimikwa kama nguzo za uzio, na huhitaji kukanyaga njia inayotumika ili kuvisoma. Tazama kiuno cha reli, yaani sehemu nyembamba iliyo kati ya kichwa na kitako. Ukipapasa utakuta herufi zilizovimba kidogo kutoka kwenye chuma, kwa kawaida jina au alama ya kiwanda, uzito wa reli kwa yadi au kwa mita, na mwaka iliyotengenezwa. Herufi zikiwa zimefunikwa na kutu, zipake chaki kwa ubapa, nazo zitajitokeza nyeupe. Piga picha mwanga ukitokea ubavuni, asubuhi au jioni, kwa sababu jua la saa sita huzifuta kabisa. Picha moja ya namna hiyo, pamoja na jina la stesheni, itawapa wajuzi kazi ya siku kadhaa, nawe utakuwa umeshajulikana.

Kuhusu tarehe, kuwa mwangalifu, kwa sababu hapo ndipo ubishi mwingi huanzia. Reli haijengwi kwa siku moja, hivyo kusema kwamba reli ya kati ilijengwa mwaka 1905 ni kusema nusu ya jambo: ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vivyo hivyo ile iliyoitwa reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ilipofika ziwani Kisumu mwaka 1901 ilikuwa bado iko mbali na Kampala. Andika mwaka pamoja na mahali. Yale uliyosimuliwa na babu yaandike kama masimulizi ya babu, maana yana thamani yake yakiwa hivyo hivyo, na mtu akikusahihisha usidhani amekudharau. Watu hawa husahihishana hata wakipendana, na ukimya wao ndio wa kutia wasiwasi.

Yapo mambo mawili ambayo ni afadhali yasiwemo katika salamu yako. La kwanza ni picha ulizopiga bila ruhusa ndani ya maeneo ya reli. Stesheni, madaraja na karakana hulindwa, na askari wa reli ana haki ya kukuuliza unafanya nini pale na kamera. Mwone msimamizi wa stesheni kwanza, jieleze kwa utulivu, na akikataa mshukuru uondoke. La pili ni majina ya wafanyakazi. Wengi wetu tunaijua reli kupitia mjomba dereva au jirani fundi, nao hutusimulia mambo ya kazini kwa sababu wanatuamini. Ukiandika “jamaa yangu anayeendesha treni ya Jumanne amesema breki za kichwa fulani ni mbovu”, hukumtaja jina lakini umemtaja kwa kila njia nyingine, na mwajiri hatapata taabu kumjua. Habari za namna hiyo mwachie mwenyewe azitoe akistaafu, na wastaafu wa reli, kwa uzoefu wangu, hawahitaji kubembelezwa.

Ukishakubalika, mtu fulani atakuuliza kama nyumbani mna karatasi za zamani: tiketi ndogo za karatasi ngumu, ratiba, kitambulisho cha kazi cha mzee, picha ya timu ya mpira ya wafanyakazi wa reli. Jibu ndiyo kama zipo, lakini zipige picha wewe mwenyewe, mbele na nyuma, na utume picha hizo. Karatasi zenyewe zisitoke nyumbani hata kama anayeomba ameahidi kuzirudisha kwa posta. Kabla ya hapo waulize ndugu zako kama wanaridhia, hasa kwenye vitambulisho na picha zenye sura za watu walio hai. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli majina ya waliomo wakati mzee bado anaweza kuyataja, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa, iwe na Mwingereza au na mjukuu wako.