Maswali na majibu: mvinyo mwekundu wa kosheri kutoka Ufaransa

Zabibu ni tunda, na tunda si haramu kwa Wayahudi. Sasa kosheri, yaani kilicho halali kwa sheria ya dini ya Kiyahudi, inaingiaje kwenye mvinyo? Ni rabi anaubariki?

Hakuna anayeubariki. Zabibu hazina tatizo; mambo huanza zinapokamuliwa. Tangu hapo mpaka chupa izibwe, mikono inayogusa juisi, pampu, mipira na mapipa lazima iwe ya Wayahudi wanaoshika Sabato. Anayejua nyama ya halali ataelewa upesi: ng'ombe ni yuleyule, kinachoulizwa ni nani kachinja na kachinja vipi. Kule Bordeaux, eneo la mashamba ya mvinyo Ufaransa, mtaalamu wa mvinyo, hata akiwa ndiye mwenye shamba, husimama pembeni akatoa maelekezo. Anayefungua bomba na kumchotea cha kuonja ni mtu wa timu ya rabi. Timu ikiondoka, matangi yanafungwa kwa lakiri. Na kwa kuwa mavuno ya Septemba na Oktoba huangukia sikukuu kubwa za Kiyahudi, kuna siku mvinyo unachachuka tangini na hakuna wa kuugusa. Watu wa ziada, vyombo vya peke yake, ratiba iliyokatikakatika: ndiyo maana bei iko juu.

Vitu vya kuung'arisha mvinyo navyo huangaliwa. Gelatini ya nguruwe haiingii kabisa. Kaseini inatoka kwenye maziwa, na mvinyo wenye maziwa hauwezi kukaa meza moja na nyama. Hutumika udongo wa bentonaiti, au ute wa mayai yaliyokaguliwa yasiwe na damu.

Nimealikwa chakula cha Ijumaa usiku na familia ya Kiyahudi hapa Paris. Mimi ni Mkristo. Nibebe chupa gani?

Geuza chupa kwanza, kwa sababu nembo ya kosheri mara nyingi iko kwenye lebo ya nyuma: herufi U ndani ya duara (OU), OK, au jina la Beth Din de Paris, mahakama ya marabi ya Paris. Maduka ya Ufaransa huandika *cacher* au *casher*. Ni neno lilelile.

Kosa kubwa hapa ni kununua kwa jina la shamba. Château Giscours ya Margaux, Léoville Poyferré ya Saint-Julien na Malartic-Lagravière ya Pessac-Léognan zimewahi kutoa mvinyo wa kosheri, lakini ni sehemu ndogo ya mavuno, tena ya miaka fulani tu. Chupa ya kawaida ya Giscours si kosheri hata kidogo, na kwa mbele zinafanana kama mapacha. Ukiagiza mtandaoni, omba picha ya lebo ya nyuma kabla hujalipa.

Kisha tafuta neno *Mevushal*, ambalo Wafaransa wengine huandika *mevouchal*. Maana yake mvinyo ulipashwa moto. Siku hizi haupikwi sufuriani. Hupitishwa kwenye joto la nyuzi 80 na ushee kwa sekunde chache, ukapozwa papo hapo. Mvinyo wa namna hiyo unaweza kufunguliwa na kumiminwa na mtu yeyote. Usiopashwa moto ukimiminwa na asiye Myahudi, mwenyeji wako hataunywa.

Wewe chukua mevushal, usiwe na wasiwasi mezani. Uwe wa miaka miwili mitatu iliyopita, maana hauvumilii kukaa kama mwenzake. Ukizeeka matunda yake huelekea kwenye jamu. Kama unataka kitu kizito zaidi, nunua Bordeaux isiyopashwa moto ya 2016, 2018 au 2019, miaka mizuri yote mitatu, umkabidhi mwenyeji ikiwa imefungwa na afungue mwenyewe. Ya 2013 iache dukani, mwaka ule ulikuwa dhaifu. Na chupa ifike kabla jua halijazama Ijumaa, Sabato inapoanza. Usije ukabisha hodi saa mbili usiku na mfuko wa duka mkononi.

Mimi ni mhudumu wa hoteli. Wageni wameagiza chupa isiyo mevushal. Nifanye nini nisiharibu?

Fanya kidogo kuliko ulivyozoea. Chupa iliyofungwa, yenye kizibo na kifuniko chake cha juu, unaweza kuibeba, kuipoza na kuiweka mezani bila shida. Weka kizibuo pembeni yake, glasi zikiwa tupu, urudi nyuma. Wao watafungua, wao watamimina.

Yanayoharibika huharibika baadaye, mgeni akiwa katikati ya maongezi: mhudumu mkarimu anapita, anaona glasi imepungua, anainua chupa na kuongeza. Chupa nzima imekwisha kazi, na ni ya bei mbaya. Waambie wenzako wa zamu wote, siyo anayehudumia meza ile peke yake. Ukitaka kuisogeza chupa iliyofunguliwa, mwombe mgeni airudishie kizibo na aisogeze mwenyewe. Kuhusu glasi, uliza mapema: wako wanaokubali glasi zenu zilizooshwa, wako wanaotaka mpya.

Jotoridi sahihi ni lipi? Tunaambiwa mvinyo mwekundu ni wa "joto la chumba."

Chumba kilichokusudiwa ni cha Ufaransa ya zamani, yenye kuta nene za mawe, siyo sebule ya Mombasa. Bordeaux nyuzi 16 hadi 18. Burgundy 14 hadi 16. Beaujolais hata 13. Ukiunywa kwenye nyuzi 28, pombe inatangulia puani na matunda hayasikiki. Kutoka 28 kufika 17, friji itachukua saa moja na zaidi kidogo. Ndoo ya maji na barafu itachukua kama dakika 10. Barafu bila maji ni polepole, kwa sababu haiigusi chupa yote.

Je, lazima nimimine kwenye jagi kwanza? Na mashapo yakiwemo?

Bordeaux changa, ndiyo: jagi la kioo lenye tumbo pana, saa moja hadi mbili, tanini (ule ukakasi unaokausha mdomo) zilegee. Yenye miaka 15 kwenda juu ina sababu nyingine. Isimamishe wima siku nzima ili mashapo yatue chini, kisha mimina taratibu kwa mkondo mmoja, taa ikiwa nyuma ya shingo ya chupa. Ukiona uzi mweusi unakaribia shingo, acha. Usiiweke wazi saa mbili kama changa. Harufu yake itaondoka.

Kwa wanaoshika Sabato, kutenganisha kizuri na kibaya ni kazi mojawapo iliyokatazwa siku hiyo. Kwa hiyo kuchuja mvinyo wenye mashapo hufanywa Ijumaa mchana, kabla ya kuwasha mishumaa. Chupa ikisahaulika, kawaida ni kumimina kwa utulivu na kubakiza chini mvinyo kidogo pamoja na mashapo yake.

Tutakuwa watu 10 kwenye Pasaka ya Kiyahudi. Chupa ngapi?

Kila mtu mzima hunywa vikombe vinne vya mvinyo katika ibada ya mezani usiku ule. Kipimo cha chini cha kikombe hakina kauli moja: wengi hushika mililita 86, wengine wenye msimamo mkali kama 150. Kwa 86, mtu mmoja ni mililita 344, yaani chupa ya 750 inatosha watu wawili. Chupa tano, na mbili za chakula. Kwa 150, mtu mmoja anafika 600, na watu 10 ni chupa nane bila ya chakula. Pima vikombe vyenu kwa maji kabla ya kwenda dukani. Vile vya fedha vya urithi huwa vikubwa kuliko vinavyoonekana.

Vikombe viwili vya kwanza hunywewa kabla ya chakula, tumbo likiwa tupu. Hapo Bordeaux yenye asilimia 14.5 ni adhabu. Anzeni na chepesi, kizito kisubiri nyama. Watoto juisi ya zabibu. Na hakikisha lebo inasema ni halali kwa Pasaka (OU P, kwa mfano), kwani si kila cha kosheri kinafaa wiki hiyo.

Chakula gani kinaendana nao?

Kondoo wa kuoka, mbavu za ng'ombe, mchuzi wa uyoga. Nyama ya kosheri hutiwa chumvi kutoa damu, na chumvi hulainisha tanini, kwa hiyo usiogope mvinyo mkavu. Jibini la Kifaransa la mwisho wa mlo sahau: baada ya nyama haliji.

Chupa iliyobaki nusu?

Izibe, friji, siku mbili au tatu. Ikiwa mtu aliinywea mdomoni au kikombe kimekwisha kuonjwa, mvinyo huo haufai tena kwa dua ya Sabato mpaka uongezwe kidogo ambao haujaguswa.