Soma na aya inayofuata

Ndugu yangu, umesema Qurani yaamuru makafiri wauawe na Biblia ni upendo mtupu. Taratibu. Hiyo Qurani 9:5 (sura ya 9, aya ya 5) unayoishika yawahusu washirikina, yaani waabudu miungu mingi, wa Arabuni waliovunja mikataba. Rudi 9:4, waliotimiza ahadi wametolewa kwenye amri hiyo. Kisha 9:6: mshirikina akikuomba hifadhi mpe, halafu umfikishe mahali pake pa amani. Mihadhara yetu ya Waislamu na Wakristo hapa Mombasa nimehudhuria mingi, na hiyo aya ya sita sikumbuki mtu kuisoma, si Mkristo si Mwislamu.

Kwenu nako, fungua 1 Samweli 15:3. Mungu aamuru Waamaleki, adui wa Israeli, wauawe, hadi watoto wanyonyao. Luka 19:27, ya kuleta adui na kuwachinja, Waislamu wenzangu huirusha sana, lakini tusidanganyane, ule ni mfano, anayesema ni mfalme wa ndani ya kisa. Yesu mwenyewe, wanafunzi walipotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria (Luka 9:54), aliwakemea.

Na ukitaka kuniletea ya Fort Jesus 1631, Sultani Yusuf wa Mombasa alipowaua Wareno, kumbuka babake aliuawa kwa njama za hao hao Wareno.