Kuwaandikia Habari Zako Watu Uliosoma Nao Miaka Mingi Iliyopita

Ujumbe wa kwanza niliowaandikia wanafunzi wenzangu wa zamani ulikuwa na aya tano, na leo nikiurudia naona haya. Ilikuwa imepita miaka 38 tangu tuagane langoni mwa shule. Mmoja wetu alifungua kundi la WhatsApp, akawa anatuingiza mmoja mmoja kadiri alivyopata namba, kisha akaomba kila mtu aeleze kwa ufupi yuko wapi na anafanya nini. Nilikaa jioni nzima nikiandika. Nilianza na vyeti, nikafuatisha vyeo kwa mpangilio wa miaka, nikataja watoto na taaluma zao, nikamalizia kwa kumshukuru Mungu kwa yote. Nilipata dole gumba tisa na "Hongera sana" mbili, wala hakuna aliyeniuliza swali hata moja.

Siku mbili baadaye mwenzetu mmoja, ambaye darasani hakuwa msemaji, aliandika mistari mitatu tu: kwamba amestaafu, kwamba sikio lake la kushoto halisikii tena vizuri, na kwamba hata hivyo kengele yoyote ikilia bado hujikuta anapapasa kutafuta daftari. Kundi halikulala usiku ule. Wengine walitaka kujua sikio limepatwa na nini, wengine wakaleta habari za masikio yao wenyewe, na mmoja akakumbuka siku kengele ya shule ilipoibwa na tukasoma hadi jua likazama kwa sababu hapakuwa na kitu cha kututoa darasani.

Nilichukua muda kuelewa kilichonishinda. Nilikuwa nimewaandikia wasifu wa kuombea kazi, na wasifu wa namna hiyo mtu humpongeza mwenye nao akaendelea na shughuli zake, kwa kuwa hauna pa kushika. Tangu hapo kabla ya kutuma habari yoyote najiuliza jambo moja: akiisoma, mwenzangu ataweza kunijibu nini zaidi ya hongera au pole? Nikikosa jibu, naiandika upya.

Hata hivyo, kabla hujafika kwenye habari zenyewe, wasaidie wakukumbuke. Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani Harry Bahrick na wenzake walichapisha utafiti wa watu 392, wenye umri wa miaka 17 hadi 74, waliopimwa kumbukumbu zao za wanafunzi waliomaliza nao sekondari. Hata waliokuwa wameacha shule takriban miaka 34 nyuma waliweza kuzitambua takriban picha 9 kati ya 10 za wenzao, lakini kulivuta jina kutoka kichwani bila kidokezo chochote kuliwashinda kwa mbali. Sisi tuliobadilisha jina la ukoo baada ya kuolewa tunalijua hilo bila kuambiwa. Niliingia kundini kwa jina la mume wangu na picha ya maua, na kwa wiki nzima nusu ya darasa ilidhani mimi ni mtu wa biashara aliyeingizwa kwa bahati mbaya. Kwa hiyo weka jina lililokuwa likiitwa kwenye daftari la mahudhurio, sema ulikaa upande gani wa darasa na nani alikuwa jirani yako, na kama unayo picha ya wakati ule, hata iliyofifia, itangulize kabla ya ile ya sasa. Wataanza na sura ya zamani, kisha watakuja wenyewe kwenye mvi.

Ukishatambulika, usijaribu kuijaza miaka yote iliyopita katikati. Miaka 38 haisimuliki, na anayejaribu kuisimulia huishia kutaja tarehe. Chagua kitu kimoja kilicho karibu nawe sasa, ukisogeze machoni pa msomaji, kisha acha hayo mengine yajitokeze kwa maswali. Katika ujumbe wangu wa kwanza niliandika kwamba nilikuwa muuguzi kwa miaka 31 na nikastaafu nikiwa msimamizi wa wodi, jambo ambalo ni kweli lakini lingeweza kuandikwa na ofisi ya utumishi. Miezi kadhaa baadaye niliandika kwamba, ingawa nimestaafu, bado naamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa, kwamba mume wangu ameshazoea lakini paka hajazoea, na kwamba saa ile ya kwanza, nyumba ikiwa kimya, ndiyo pekee ambayo bado sijui niifanyie nini. Nilipata majibu kumi na saba. Watatu walikuwa macho saa hiyohiyo na hakuna aliyekuwa akijua habari za mwenzake.

Habari za huzuni zinataka uangalifu zaidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wa umri wetu wanapokwama. Aliyeachana na mwenzi wake, aliyezika mtoto, aliyefilisika, anayetibiwa maradhi yasiyopona, kila mmoja huona kwamba akinyamaza atakuwa anadanganya na akisema ataharibu furaha ya wengine. Wengi huchagua kunyamaza, kisha swali la kawaida kabisa kama "watoto hawajambo?" likawa mwiba wa kila wiki. Mwenzetu mmoja alitufundisha njia nyingine bila kukusudia. Katika salamu zake za kwanza kabisa alieleza kwa sentensi moja kwamba alifiwa na binti yake, akataja mwaka, na katika sentensi iliyofuata akasema kwamba anapenda kumzungumzia, hivyo tusiogope kumtaja. Baada ya hapo akaendelea na habari za bustani yake. Sentensi ile ya pili ndiyo iliyotukomboa, maana watu hawaogopi msiba wa mwenzao kama wanavyoogopa kutojua wafanye nini nao. Kama hutaki kuulizwa, hilo nalo liseme waziwazi: kwamba umeachika, kwamba ni jambo lililopita, na kwamba ungependa lipite na kwenye mazungumzo. Hakuna atakayekulaumu, na mchokozi akitokea utaona wengine wanavyomnyamazisha.

Lakini mtoa habari ana wajibu wa kuzisoma pia za wenzake, na hapo ndipo nilipoteleza vibaya kuliko mahali pengine popote. Kuna kipindi nililizima sauti kundi kwa miezi minne kwa sababu ya jumbe za kusambazwa, zile za dua zenye waridi linalometameta na maonyo kuhusu magonjwa ambayo hayapo. Niliporudi nilimwandikia aliyekuwa mwenzangu wa dawati, yule ambaye tuligawana rula moja kwa miaka minne, nikamweleza habari zangu kwa furaha na nikamaliza kwa kusema, "Nisalimie sana shemeji, mwambie bado ananidai kahawa." Shemeji alikuwa amefariki. Msiba ulitangazwa kundini, rambirambi zikachangwa, waliokuwa karibu wakaenda kuzika, na jina langu halikuwa popote. Alinijibu baada ya saa moja: "Angekuwepo angecheka." Nilikaa na simu mkononi nikitafuta namna ya kueleza habari za kundi kuzimwa sauti na waridi linalometameta, kisha nikaona kwamba maelezo yote yangekuwa ya kujitetea mimi. Nikaandika kwamba sikujua, kwamba nilipaswa kujua, na kwamba naomba kumpigia. Tukaongea hadi chaji ikaisha. Siku hizi, kabla ya kumwandikia yeyote niliyempoteza kwa miezi, napanda juu kwenye mazungumzo ya kundi na kulitafuta jina lake kwanza. Ni kazi ya dakika tano.

Kosa jingine langu lilikuwa la kutoa habari ambazo hazikuwa zangu. Niliandika kundini kwamba mwanangu ameachishwa kazi na tunamwombea, nikidhani naongea na watu wa nyumbani. Wiki haikuisha akaulizwa habari hiyo na mtu ambaye hakuwa na njia ya kuijua isipokuwa kupitia mimi, na hakunisemesha kwa siku kadhaa. Maradhi ya mume, ndoa ya binti, deni la kaka, yote hayo yana wenyewe. Waulize kwanza, na wakikataa, wewe bado una magoti yako ya kuyaombea.

Kuna wale ambao hawaandiki kabisa, na si rahisi kujua kama wameridhika na kusoma tu au wanaona hawana cha kuonyesha mbele ya majengo, mahafali na safari za wengine. Nimegundua kwamba kuwasihi kundini, "fulani, mbona kimya?", huwafukuza. Mwandikie peke yake, mistari miwili, ukimkumbusha jambo dogo alilolifanya yeye. Kwa muda mrefu nilisita kufanya hivyo nikiogopa kuonekana msumbufu, hadi niliposoma utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake, ulioonyesha kwamba anayemtafuta mtu wa zamani hukadiria kidogo mno jinsi atakavyomfurahisha, na kwamba furaha ya anayetafutwa huwa kubwa zaidi pale asipotarajia. Nilianza na wanne. Watatu walijibu siku ileile, na wa nne akajibu baada ya wiki sita, ujumbe mrefu ulioandikwa kwa vipande, yaonekana kwa siku tofauti.

Mmoja kati ya hao wanne hakuwa mkimya kwa sababu ya aibu. Aliniambia kwamba kila aliposalimia, wenzetu walimwita kwa jina la utani tulilompa kwa sababu ya kigugumizi chake, wakaweka na vikatuni vya kicheko, na kwamba hakusubiri miaka yote hiyo ili arudishwe palepale. Nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakicheka zamani zile. Nilimwomba radhi hapohapo, na kwa ruhusa yake nikamwandikia mwenye kundi pembeni, bila kumtaja kundini, ili jina lile liachwe. Kumbukumbu tunayoiona tamu inaweza kuwa ndiyo iliyomfanya mwenzetu abadilishe njia ya kurudi nyumbani kila jioni, kwa hiyo ni vizuri kumwuliza mtu anapenda kuitwaje sasa kabla ya kumwita alivyoitwa zamani.

Kuhusu usalama nitasema machache. Tarehe kamili ya kuzaliwa, jina la mama kabla ya kuolewa na shule ya kwanza uliyosoma ni vitu ambavyo hutumika kama maswali ya siri ya kufungulia akaunti, nasi wazee tunavimwaga kundini kwa furaha siku za kuzaliwa. Na mwenzako akikuandikia ghafla akiomba mkopo wa haraka, mpigie usikie sauti yake, maana akaunti huibwa na mwizi huanza na watu wanaomwamini mwenye akaunti. Kama sauti imebadilika na huna hakika, mwulize mlikaa dirisha la upande gani.

Mwenzangu wa dawati na mimi hatupeani tena habari kubwa. Mwanzoni tulijaribu kufidia miaka, tukachoka, sasa tunaandikiana Jumapili yale ya wiki hiyo tu: mtungi uliopasuka, mjukuu aliyekataa kukatwa nywele, daktari aliyemwita "bibi" kwa mara ya kwanza na hakumsamehe. Wiki iliyopita aliniandikia kwamba miwani yake imevunjika mkono mmoja, akachukua ile ya marehemu kwenye droo ili asome risiti, na akashangaa kuona inamfaa kuliko yake. Amekuwa akiivaa tangu Jumanne. Nimemwuliza fremu yake ni ya rangi gani, nami nasubiri picha.