Plagi ya zamani usiitupe kabla hujaitazama

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli kwenye silinda, kwa hiyo ya breki na betri yatasubiri.

SWALI: Toyota IST yangu inamisi, injini inawaka kwa kukatakata. Fundi amechomoa plagi, moja ina oili nyeusi. Anasema ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe. Nitoe hela? (Dada, Njiro, Arusha)

JIBU: Bado, dada yangu. Muulize kwanza hiyo oili ilikuwa upande gani wa plagi. Upande wa juu unakaa shimoni na kuvaa koili, ile inayoipa plagi umeme. Ncha ya chini ndiyo inayoingia ndani ya silinda, kwenye moto. Kama oili iko juu, kwenye nati na ile kaure nyeupe, na ncha ni kavu, basi imevuja kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) au sili za mashimo ya plagi. Ringi hazihusiki kabisa. Oili ikikaa humo huharibu mpira wa koili, umeme unapenya pembeni, gari linamisi. Badilisha gasketi na sili, safisha mashimo, kagua koili.

Ncha ndiyo ikiwa imelowa oili, hapo silinda inakula oili kweli. Hata hivyo injini haifunguliwi kwa kuangalia kwa macho tu. Wapime kompresheni, yaani jinsi silinda inavyobana hewa, kisha wamwagie oili kidogo kwenye silinda hiyo wapime tena. Namba ikipanda sana, ringi zimelegea. Kama kompresheni ilikuwa nzuri tangu mwanzo, washuku sili za valvu, ambazo fundi mzoefu huzibadilisha bila kugusa pistoni. Tofauti ya gharama ni kubwa, na fundi anayekasirika ukiomba kipimo mimi simwachii gari langu.

SWALI: Shikamoo fundi. Plagi zangu zote nne zina masizi meusi, makavu. Natumia gari kutoka Pasua kwenda sokoni na kurudi tu. (Moshi)

JIBU: Marahaba. Ingekuwa moja peke yake, ningekwambia ukague silinda ile. Zikiwa zote nne, tafuta kitu kinachozihusu zote: petroli inazidi hewa, au injini haipati joto. Ncha ya plagi hujisafisha yenyewe ikifika kama nyuzi 500 za Selsiasi, na safari yako hiyo fupi haiifikishi huko. Endesha mpaka Himo na kurudi, ziache zipoe, uzitazame tena. Zikibaki nyeusi, angalia ea klina. Kisha uliza kama kuna fundi aliyetoa thamostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, "gari lisichemshe". Huo mchezo umeenea sana. Injini ikibaki baridi, kompyuta inaendelea kuiongezea petroli, na wewe unalipia sheli.

SWALI: Kaure ina pete ya kahawia kwa nje, karibu na chuma. Inavujisha? (Sakina, Arusha)

JIBU: Hapana. Umeme wa volti nyingi huvuta chembe za oili na vumbi zikaganda hapo. Iache. Cha kuogopa ni mstari mweusi uliosimama wima juu ya kaure. Huo ni umeme uliopita nje. Badilisha plagi, na mpira wa koili pia.

SWALI: Nisugue plagi za iridiamu kwa brashi ya waya?

JIBU: Usithubutu. Ncha yake haifiki hata milimita moja kwa unene. Gepu lake, ile nafasi cheche inaporukia, pia usiligonge. Za nikeli zinavumilia, lakini kona za elektrodi zikishakuwa mviringo, kusugua hakuzirudishii makali.

SWALI: Nimeona plagi za mtumba kwa bei poa. Nichague zipi?

JIBU: Mimi sinunui. Ukilazimika, kahawia hafifu au kijivu ndiyo rangi ya afya. Nyeupe yenye vipele au vitone vya chuma iliungua. Yenye ufa, hata wa unywele, rudisha mezani. Ila aliyeidondosha sakafuni hatakwambia.

SWALI: Land Cruiser yangu ya utalii ni 1HZ, ya dizeli. Plagi nibadilishe kila baada ya kilomita ngapi?

JIBU: Kaka, hiyo haina. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Ulizoziona ni hita plagi, sita, za kusaidia kuwasha kukiwa na baridi. Hizo hazisomwi kwa rangi, zinapimwa kwa mita. Kama inawaka vizuri asubuhi pale Karatu, usizichokoze.