Maswali ya Wasomaji: Kanda za Harusi, Televisheni ya Rangi na Vishada

Assalaam alaykum. Nina kanda ya dakika 90, taarab iliyorikodiwa kwenye harusi ya mama. Imeota koga nyeupe, na mara ya mwisho redio iliimeza, utepe ukakatika. Inatengenezeka au ndiyo basi tena?
*Bi A., Wete, Pemba*

Waalaykumu salaam, Bibi. Inatengenezeka, ila redioni isirudi kwanza. Kanda nyingi hufa kwa kurudishwa kwa kasi hali ya kuwa zina koga. Matabaka ya utepe yameshagandana, na ukiyavuta kwa nguvu ile rangi ya kahawia inayobeba sauti hubanduka.

Anza kwa kuvunja vile vijino viwili vya mgongoni, mtu asije akabonyeza kitufe cha kurikodi akamfuta bibi harusi na wapambe wake. Ifungie kanda siku kadhaa ndani ya kopo pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, ikauke. Juani usiiweke, plastiki itapinda.

Ikishakauka toka nje, funika pua na mdomo, fungua skurubu tano kwa bisibisi ndogo. (Kanda isiyo na skurubu ipasue ukingoni kwa kisu, kisha roda zake mbili uzihamishie kwenye ganda la kanda nyengine yenye skurubu.) Kabla hujagusa kitu, piga picha kwa simu uone utepe ulivyopita. Futa kingo kwa kitambaa laini kikavu kisichotoa nyuzi, halafu zungusha roda pole pole kwa mkono, utepe ukipita katikati ya kitambaa.

Palipokatika, laza ncha moja juu ya nyengine, zikate pamoja kwa wembe mpya, mshazari wa nyuzi 45, kisha zikutanishe bila kupandana. Gundisha upande unaotazama ndani ya roda, kwa utepe maalumu wa kuungia kanda. Selotepu ya kawaida haifai hata kidogo: kwa joto letu gundi yake huvuja, ikanasa tabaka la pili, na redio ikameza tena. Kukata usiogope. Utepe hupita sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hivyo ukipoteza sentimita 2 hujapoteza hata nusu sekunde ya wimbo.

Redio nayo ina kesi. Mara nyingi humeza kwa sababu mkanda wa mpira wa ndani umelegea: roda ya kukusanya haizunguki, na utepe unaendelea kusukumwa. Kanda ya 90 ina utepe mwembamba kuliko ya 60, ndiyo maana haichukui muda kunasa. Futa kichwa kinachosoma utepe na kigurudumu cha mpira kwa spiriti, ujaribu kwa kanda usiyoijali. Ikienda sawa, ya mama ihamishie kwenye kompyuta mara ya kwanza tu inapopiga: waya kutoka tundu la hedfoni, programu ya bure ya Audacity, sauti iwe ya kiasi. Sauti ikirikodiwa imepasuka, haitengenezeki.

Shemeji zangu wa Dar hawakubali kuwa Zanzibar ilitangulia kwa televisheni ya rangi. Nani mkweli?
*Msomaji, Michenzani*

Wewe. Televisheni Zanzibar ilikuwa hewani kwa rangi kabla ya 1975. Bara walisubiri hadi 1994. Wakibisha, waulize ITV, kituo cha kwao, ilianza lini.

Nimewatengenezea wanangu kishada cha njukuti (uti wa jani la mnazi) kama vile vya zamani. Kinapanda kidogo, kinazunguka, kinaanguka kichwa chini. Kwa nini?
*Baba M., Makunduchi*

Itazame njukuti ya kukingama. Upande wa shina ni mnene na haupindi. Upande wa ncha ni mwembamba na unakubali upepo. Hapo kishada lazima kielemee upande mmoja. Chukua njukuti mbili, shina la moja kwenye ncha ya nyengine, uzifunge pamoja kwa uzi. Kwa uti wa sentimita 60, ya kukingama iwe ya 50, ifungwe sentimita 15 kutoka juu.

Kikiendelea kuzunguka, ongeza mkia wa vitambaa mpaka mita 4. Kikipanda kwa uzito, basi ni gundi: kijiko kimoja cha unga kwa vijiko sita vya maji, kipike mpaka kizito, na upake kingoni tu.