Kabla ya kumpokea mgeni wa ubalozi, kaeni wenyewe kwanza

Kwa miaka mingi nimekuwa kwenye kamati ya vijana ya msikiti wetu hapa Mombasa. Ubalozi ukileta habari kwamba kuna mgeni anakuja kuisikiliza jamii, mbio huanzia kwenye viti, mahamri na bango la makaribisho. Mimi nasema anzeni na kikao chenu. Jiulizeni: ni jambo gani tungelitaka hata kama mgeni huyu asingekuja?

Wajumbe wa namna hii wana kazi ya kweli. Juni 2009, mwezi uleule Rais Obama wa Marekani alipouhutubia ulimwengu wa Kiislamu akiwa Cairo, Hillary Clinton, waziri wake wa mambo ya nje, alimteua Farah Pandith, mzaliwa wa Srinagar huko Kashmir, kuwa mwakilishi maalumu wa kwanza wa Marekani kwa jamii za Kiislamu. Mwaka uliofuata Rashad Hussain, hafidhi wa Qur'ani, akawa mjumbe wa Marekani kwa Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu yenye nchi 57. Lakini hata mjumbe mwenye nia njema huondoka na kile alichoambiwa tu. Mkimpa malalamiko ya jumla, ataandika ripoti ya jumla.

Kisa cha Kano, Nigeria, hunijia kila mara. Mwaka 2003 viongozi wa huko walisimamisha chanjo ya polio wakihofia kuwa inawafanya wasichana wagumba. Hofu hiyo ilikuwa na mizizi: mwaka 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa mpya kwa watoto wa Kano waliougua homa ya uti wa mgongo, na familia zikaenda mahakamani. Takwimu za wataalamu hazikuwatuliza watu. Chanjo ilirejea mwaka 2004, baada ya dozi kuletwa kutoka Indonesia, kwa Waislamu wenzao. Hiyo ndiyo kazi ya ushirikiano, kumtafuta yule ambaye jamii iko tayari kumsikiliza.

Kwetu, huyo mara nyingi ni mwalimu wa kike wa madrasa. Huketishwa nyuma ya pazia, maikrofoni isifike, ilhali yeye ndiye anayejua mtoto gani ameacha kuja chuoni na kwao kuna nini. Mpeni nafasi ya kusema mapema, si dakika za mwisho wageni wakitafuta viatu.

Jambo zito zaidi ni fedha. Ulizeni zinatoka fungu gani. Maktaba inayojengwa kwa fungu la kupambana na itikadi kali humfanya kila kijana anayeingia aonekane mtuhumiwa, na siri hiyo ikifichuka baadaye, kamati haitaaminiwa tena hata ikichangisha fedha za kununua mikeka. Nimeona watu wazima wakiacha kusalimiana kwa sababu hiyo. Kama fungu halifai, kataeni kwa adabu, kwa maandishi. Kama linafaa, barua isomwe yote kwa sauti baada ya Alasiri, pamoja na kiasi, masharti na majina ya watakaotia sahihi, na maswali yajibiwe papo hapo kabla ya mtu yeyote kushika kalamu.